Wosia wa Tata Ndani ya Diski

Nilirudi Karagwe kutoka chuo kikuu nikiwa siamini mtu. Mganga, padri, mwenyekiti wa kijiji, wote niliwabishia. Sikuwahi kuibishia kompyuta ya ofisi ya mradi wa kahawa nilikoajiriwa, pale Kayanga.

Nyumbani kwetu Kamuli, mzee akitaka kurithisha kibanja, shamba la migomba la nyumbani, huita watu wa ukoo, huwapa rubisi, kisha husema anachotaka. Walioinywa pombe ile ya ndizi ndio mashahidi. Tata, baba yetu, hakuwa na mtoto wa kiume; tulikuwa mimi na dada yangu, aliyeachika akarudi nyumbani na watoto wawili. Tata alipoanza kuumwa, akataka kuwaita wazee awaambie kibanja ni cha dada.

"Baba mdogo hatakubali mwanamke apewe migomba, mtagombana bure," nilimwambia. "Niambie mimi niandike. Mashine haisahau, wala hailewi."

Tata akacheka. "Haya, msomi. Na hiyo mashine itakuja kusimama mbele ya ukoo?"

"Itakuja."

Niliyaandika maneno yake kwenye kompyuta, nikayanakili kwenye diski. Printa haikuwa na utepe wa wino. Tuliusubiri kutoka Bukoba. Kabla haujafika, fundi akaleta kompyuta za kampuni nyingine, zenye mfumo mwingine kabisa. Nilimuuliza mara mbili kama tutaweza kusoma kazi zetu za zamani.

"Usihofu, sista. Ni kama kumimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile."

Aliondoka na mashine za zamani, akiwa amefuta kila kilichokuwemo. Mwezi uliofuata Tata akafariki.

Siku mbili baada ya mazishi nilikwenda ofisini, nikaingiza diski. Mashine mpya ikakoroma kidogo, kisha ikaandika kwamba diski hii haijaandaliwa, je, niiandae sasa? Mwenzangu akanishika mkono. Alinionya kwamba nikikubali, itafuta kila kitu. Nilikwenda posta kumpigia fundi simu.

"Aa, diski za mfumo ule hazisomeki huku," alisema. "Hilo hukuniuliza."

Ukoo ulipokaa, nilisema Tata aliacha wosia.

"Nani alikunywa?" akauliza baba mdogo.

"Hakuna aliyekunywa. Niliandika mimi."

"Tuletee tusome."

Nilitoa diski. Aliigeuzageuza, akaisogeza sikioni. "Hiki ndicho kilichokunywa? Mbona hakinuki pombe?"

Watu walicheka, tena tukiwa matangani. Kibanja kikawa chake mchana uleule.

Nilimkuta dada nyuma ya nyumba anakunja mikeka ya watoto. Nikamweleza jinsi fundi alivyonidanganya, kwamba nilimuuliza mara mbili, kwamba maneno ya Tata bado yamo mle ndani, ila hayafunguki.

"Ndizi za rubisi nilikuwa nimeshazivundika," alisema. "Ziliiva. Wewe ndiye uliyesema wazee wasiitwe."

"Dada, yule mtu aliniapia."

"Mimi simjui huyo mtu, mdogo wangu. Nakujua wewe."

Alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, wakaenda Igurwa kutafuta vibarua vya kulima. Nilipojaribu kumpokea mzigo, akauhamishia kichwani.