Ninjutsu Katika Majani Makavu

Wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, mdogo wangu aliniambia kwamba anaacha shule ili awe ninja.

Hakusema hivyo, bila shaka. Alisema anataka "kufuata njia". Njia yenyewe ilikuwa ya kwenda Lubumbashi na maître wake, yaani mwalimu wake, mtu aliyetufikia Kamina wakati wa mvua akiwa na suti nyeusi na kitambaa cha kuficha uso, akakusanya vijana na kuwafundisha kubiringika kwenye majani ng'ambo ya reli. Mimi, yaya wake kama tunavyomwita dada mkubwa huku, niliacha shule wazazi wetu walipofariki, nikaanza kuuza samaki wakavu wa Kinkondja sokoni ili huyu asome. Kwa hiyo nilikuwa na la kusema kuhusu njia hiyo.

Maître alidai amerithi ninjutsu ya kweli, ya kale, kutoka kwa mwalimu aliyefundishwa na Mjapani mmoja wa migodini. Mwalimu wa karate wa hapa kwetu alisema yote yale yametoka kwenye video. Walibishana mbele ya kibanda cha kuchajia simu, watu wamewazunguka.

"Hesabu basi Kijapani!" mwenye karate alimwambia siku moja.

Maître akahesabu hadi kumi. Mwenye karate naye akahesabu, wakatofautiana kwenye nne na kwenye saba. Kila mmoja akamwita mwenzake mwongo, nasi tukapiga makofi, kwa kuwa Kamina nzima haikuwa na mtu wa kuamua. Maître akaendelea kueleza namna ya kumtoroka adui bila kusikika. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwemo watu waliokimbia wanamgambo huko Malemba-Nkulu wakiwa wamebeba watoto mgongoni. Walimsikiliza kwa adabu. Hawakumsahihisha.

Nilimfuata maître, mdogo wangu akiwa pembeni yake, nikamwuliza nitajuaje kwamba anachofundisha ni cha kweli.

"Mama, utaona na macho yako," akasema. "Vijana watapotea mu majani. Ukimuona mudogo wako, abaki na masomo. Kama haumuoni, umuachie aende."

"Nimekubali," nikasema, nikimtazama mdogo wangu. Anajua kwamba neno langu silirudishi.

Tulikutana Jumamosi asubuhi ng'ambo ya reli, na mwenye karate naye akaja kutazama. Ulikuwa mwezi wa sita, majani marefu kupita kichwa na makavu kabisa. Mtu wa Kamina anajua majani hayo huwa na kazi gani mwezi huo: huchomwa ili panya watoke, wakamatwe, wapikwe. Maître hakujua. Wanafunzi wake walijua vizuri, lakini walikuwa wamefundishwa kwamba mwanafunzi hamkatizi maître.

Wakaingia, yeye akiwatangulia. Nilikuwa nimeshaona visigino vya mmoja na kusikia chafya ya mwingine niliponusa moshi. Wawindaji wa panya walikuwa wamewasha moto upande wa pili, wakiwa na fimbo na mbwa wao. Hawakujua kwamba mna watu ndani. Wangejuaje?

"Mutoke! Moto iko inakuja!" nikapiga kelele.

Wa kwanza kutoka alikuwa maître, kitambaa shingoni, akimwita mama yake, na si kwa Kijapani. Wanafunzi wakamfuata, mbwa wakawaandama.

"Ee! Panya ya leo iko mukubwa!" mwindaji mmoja akasema, fimbo juu.

Wote walicheka. Nami nilicheka, mpaka nilipotazama nyuso na kuona kwamba wangu hayumo.

Nikaingia upande uliokwisha kuungua, majivu yakichoma kandambili zangu, nikiita. Nikapita, nikarudi.

"Yaya. Miye iko hapa."

Sauti ilitoka karibu na miguu yangu. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye majivu, mweusi juu ya weusi. Alipoona moto unakuja alikuwa amewasha wake mdogo mbele yake, akangoja pale paungue, akaingia humo, kama afanyavyo kila mtu aliyekua hapa akiwinda panya.

"Ulinipita mara mbili," akasema, akikohoa na kucheka. "Haukuniona."

Maître alikuwa amepata pumzi. "Munaona? Hii njo ninjutsu ya kweli!"

"Hii njo ya panya," mwenye karate akasema. "Hapa bantu yote banaijua."

Tukawaacha wakibishana. Nilikuwa nimeshindwa. Nyumbani nilitoa begi, nikaanza kukunja nguo zake.

"Yaya, unanifukuza?"

"Nilitoa neno. Weye ulishinda. Enda."

Akasimama mlangoni, majivu yakimdondoka.

"Maître hakuuliza kama tulitoka bote," akasema. "Alikimbia tu."

Ningemwambia abaki, ningekuwa nalirudisha neno. Nikaendelea kukunja. Akaja, akaingiza mkono begini, akavuta shati lake jeupe la shule.

"Sasa hii unaiweka ya nini? Jumatatu nitavaa nini?"

Maître aliondoka peke yake, au tuseme alienda stesheni, maana treni haikuja, kama kawaida yake. Alikaa pale na mizigo, na mwenye karate alimfuata huko kila asubuhi ili wamalizie habari ya nne na saba. Mdogo wangu aliwapita akielekea shuleni, akawasalimia wote wawili kwa heshima, wala hakusimama.