Dakika Kumi za Mwisho

Mimi kazi yangu ni kuchana tiketi. Nasimama mlangoni mwa ukumbi wa sinema, ghorofa ya juu, juu ya duka la vitambaa. Nachana kipande, nakurudishia kipande, na nikikutazama usoni najua kama umekuja kuangalia filamu au umekuja kusinzia kwenye baridi ya feni. Kwa hiyo nikisema namjua mwanamke huyu ninayetaka kumsimulia, msinibishie. Tumefanya kazi pamoja tangu hatujaota mvi. Jina alilopewa na wazazi wake hapa halitumiki. Sisi wote, kuanzia fundi projekta mpaka muuza bisi, tunamwita Dakika Kumi.

Ni mfagiaji. Kati ya onyesho moja na jingine nafasi ni finyu, watu wa onyesho linalofuata wameshajaa kwenye ngazi wanasukumana, kwa hiyo utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: filamu ikibakiza dakika kumi, wafagiaji wanaingia kwa mlango wa nyuma na kusimama nyuma ya safu ya mwisho, ufagio mkono huu, kizoleo mkono ule. Taa zikiwaka tu, wanashuka mbio kufagia. Hivyo ndivyo Dakika Kumi alivyotazama filamu zote za maisha yake. Harusi aliziona, uchumba hakuuona. Mwizi alimwona akitiwa pingu, wizi wenyewe hakuushuhudia.

Za mapenzi hazikumsumbua, zilikuwa zikimpigisha miayo. Lakini zikija zile kubwa, za enzi za kale, za watu kupigania uhuru wao, farasi wamejaa skrini nzima na umati unateremka mlimani na majembe na mapanga, hapo usimguse. Alisimama wima kama yuko kwenye gwaride. Machozi yanamchuruzika na hayafuti, maana mikono yote miwili ina kazi. Shujaa anasema neno lake la mwisho, lango la gereza linavunjwa, wafungwa wanatoka wakijikinga macho na jua, mama anamkumbatia mwanawe. Taa zinawaka. Dakika Kumi anavuta kamasi, anashuka kufagia bisi.

Siku moja nilimuuliza anaona nini humo. Mimi mwenyewe nazipenda, sikatai, ila kwangu zote zilikuwa kelele na vumbi la farasi.

"Dada, hujaziangalia vizuri," akaniambia. "Filamu nyingine zote, mwenye ndoo anapita tu nyuma ya wakubwa, hata sura yake huijui. Hizi, mwishoni, mwenye ndoo anakuja mbele. Anaonyeshwa uso mzima, skrini nzima, mpaka mikunjo."

Tangu hapo nami nikaanza kuwatafuta wenye ndoo.

Tena si yeye peke yake anayeguswa. Nawaona mlangoni kwangu. Watu wanaingia wamejikunja, wananisemesha kwa woga kana kwamba ukumbi ni wa babu yangu. Filamu ya ukombozi ikiisha wanatoka vifua mbele, wanapishana kwa adabu, bwana mmoja mpole aliwahi kunipa mkono na kuniambia, "Tutashinda." Sikumuuliza tutamshinda nani. Nilimfuata kwa macho akishuka ngazi, na alipofika barabarani akaruka kando kumpisha mwenye gari aliyempigia honi, mabega yakarudi yalipokuwa. Wengi ndivyo walivyo, ushujaa wao unaishia kwenye ngazi zetu. Dakika Kumi yeye alikwenda nao nyumbani.

Mumewe ni fundi viatu, meza yake iko chini ya ngazi hizo hizo. Juu hajawahi kupanda, anasema kiti laini kinamtia usingizi. Basi mkewe akawa anamsimulia, na kwa kuwa mwanzo haujui, mwanzo anautunga. Nimewasikia mara nyingi nikipita.

"Palikuwa na mfalme mkatili, watu wakachoka, wakainuka."

"Wakainuka tu?" anauliza mzee, misumari midogo ameibana mdomoni.

"Wakainuka tu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, baba watoto."

"Kabla ya chai?"

Hapo mwanamke anasonya, mzee anacheka mpaka misumari inamwagika.

Kisha tukaletewa meneja mpya. Kijana nadhifu, ana funguo nyingi na amri nyingi kuliko funguo. Wiki ya kwanza aliondoa kiti cha muuza bisi, eti kiti kinaonyesha uvivu. Mimi aliniambia nisibanduke mlangoni toka onyesho linaanza mpaka linaisha, na hakuweka mtu wa kunipokea. Sitaficha, nilikuwa nabana mkojo kazini mtu mzima kama mimi. Tulinung'unika, kila mtu kwenye kona yake, tukazoea.

Halafu mteja mmoja akalalamika kwamba kuna mtu analia nyuma yake na kumharibia filamu. Meneja hakuuliza mara mbili. Akaamuru wafagiaji wakae stoo mpaka taa ziwake.

Stoo yetu haina dirisha. Ina mifagio, madekio yenye harufu ya unyevu, na ndoo unayoweza kuipindua ukaikalia. Ukiwa humo unasikia ngoma na vishindo vya farasi kupitia ukutani, lakini unachoona ni madekio.

Dakika Kumi alikuja mlangoni kwangu siku hiyo, uso umemshuka.

"Wameninyang'anya," akasema.

Mtu anaweza kucheka. Dakika kumi ni nini, si muda wa maji kuchemka? Lakini mimi nilijua siku yake ilivyo. Alfajiri ni ya wajukuu, mchana ni wa ukumbi, jioni ni ya jiko na mume. Zile dakika ndizo pekee zilizokuwa zake, na alikuwa akizilipia kwa magoti yake. Niliumia kwa niaba yake.

Kesho yake alijifunga kibwebwe. Alikuja sare imenyooshwa kwa pasi, kitambaa kichwani kimekazwa, akapanda moja kwa moja mpaka ofisini kwa meneja na kuusukuma mlango. Ofisi iko mkabala na mlango wangu, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na muuza bisi naye alisikia, na watu waliokuwa kwenye foleni.

"Tumevumilia vya kutosha!" akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Mnaweza kutufungia kwenye giza, lakini hamwezi kutuzuia kuona! Leo hatutarudi nyuma!"

Meneja akaweka kalamu chini. "Hamtarudi, wewe na nani?"

Dakika Kumi akageuka. Nyuma yake palikuwa na korido tupu. Muuza bisi alikuwa ameshikilia kikombe cha bisi kinamwagika, mimi nimeshika tiketi ya watu. Hakuna aliyetuambia kama kuna vita. Mwanamke alikuwa ametangaza mapinduzi bila kuwaalika wanajeshi.

Meneja alicheka, na hilo ndilo lililouma. Hakumfukuza wala kumfokea. Alimwambia akaoshe ngazi zote mpaka chini, kwa mkono.

Alipofika ngazi ya mwisho akawa ana kwa ana na meza ya mumewe. Mzee alikuwa amesikia, jengo zima lilisikia. Akamsogezea kigoda, akaendelea kushona soli, kisha akasema taratibu:

"Mama watoto, wewe umeanzia mwisho."

"Nimefanya kama wanavyofanya!"

"Kama wanavyofanya mwishoni. Huko mwanzo wanafanyaje?"

Akajitupa kwenye kigoda. Aliniambia baadaye kwamba swali lile lilimchoma kuliko kicheko cha meneja. Ametazama uhuru ukipatikana mara zisizo na idadi, na hajui hata mara moja ulivyoanza.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, ilikuwa bado inaonyeshwa filamu kubwa ya ukombozi, ile ambayo mwisho wake alikuwa ameshauona kabla ya kufungiwa stoo. Alikuja amevaa gauni lake zuri, amekata tiketi dirishani kama mteja yeyote. Nikaipokea. Nikaichana.

"Karibu, mama," nikamwambia.

"Asante, dada," akajibu, kama hatujuani.

Akaenda kuketi katikati kabisa. Miaka yote amevifuta vumbi viti vile, hajawahi kukalia hata kimoja. Nilichungulia mara kadhaa. Halii. Amekaza macho kama fundi anayemchungulia fundi mwenzake kazini. Na filamu ilipobakiza zile dakika kumi, farasi wanajipanga mlimani na watu wote ukumbini wameinamia mbele, nikaona gauni lake linainuka. Akapita kwenye magoti ya watu, akatoka.

"Vipi, unaumwa?" nikamuuliza.

"Huko nakujua," akasema. "Sikiliza. Wewe kinachokukera hapa kazini ni nini?"

Nikashangaa. Akanisimulia haraka haraka, macho yanawaka. Kumbe sehemu kubwa ya filamu hakuna farasi hata mmoja! Watu wako jikoni. Kuna mwanamke muuza maji anayezunguka nyumba hadi nyumba kuulizia shida za watu, na wengi wanamfungia mlango. Wanagombana, wanasusa, wanarudi, mmoja anaogopa na kulia, wenzake wanamngoja. Maneno, maneno, maneno.

"Inachosha, dada! Nilikaribia kulala. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Haya, niambie."

Nikamwambia habari ya mkojo. Hakucheka. Alitikisa kichwa, akaenda kwa muuza bisi.

Alizunguka hivyo, siku baada ya siku, na ndoo yake mkononi. Muuza bisi alitaka kiti chake. Fundi projekta, bwana mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya salamu, alikuwa akikaangika kama andazi kwenye chumba chake kwa kuwa feni ilikufa na meneja hajishughulishi. Mfagiaji mwenzake alimkatalia katakata, akasema ana watoto, hataki balaa. Dakika Kumi hakumlazimisha. Aliendelea kufagia naye, wanaongea ya nyumbani, mpaka siku moja yule mwenzake mwenyewe akaanza: kile chumba cha stoo kinamkaba pumzi, usiku anaota madekio.

Tulikutana kwenye meza ya fundi viatu, kabla ya zamu. Tulibishana sana. Fundi projekta alitaka tuandike barua, muuza bisi alitaka tugome, mimi nilitaka twende siku hiyo hiyo kabla moyo wangu haujabadilika. Mara mbili tuliachana tumenuniana. Dakika Kumi alikuwa akitutazama anatabasamu.

"Unacheka nini?" nikamfokea.

"Hii sehemu nimeiona," akasema.

Tukaenda Jumamosi, foleni imeshuka ngazi hadi barabarani. Fundi projekta aliingia kwanza, nikafuata, muuza bisi, mfagiaji mwenzake. Ofisi ikajaa. Meneja akatutazama mmoja mmoja, safari hii hakucheka.

"Kiongozi wenu nani?"

 Kila mmoja akasema lake, bila makelele. La kwangu nililisema nikiwa nimeangalia meza, lakini nililisema. Chini, wateja wakaanza kupiga miguu.

"Na yule pale nyuma, mwenye ndoo?" akauliza meneja akinyoosha shingo.

Tukasogea, akaja mbele. Alikuwa na sare ya kila siku, imeloa kwenye magoti.

"Mimi nataka kiti nyuma ya safu ya mwisho," akasema. "Sisi wafagiaji tukimaliza kazi ya kwanza, tuitazame filamu tunayoifagilia. Tangu mwanzo."

"Wateja walilalamika. Unalia."

"Kulia nitalia. Hilo siwezi kukuahidi."

Meneja aliangalia saa, akasikiliza vishindo vya ngazi, akatuangalia tena. Hakuna aliyejisogeza. Fundi projekta alikuwa amezishika funguo za chumba chake mkononi, wala hakuzitikisa. Meneja akakubali shingo upande. Kiti cha muuza bisi kilirudi palepale, mtu wa kunipokea akapatikana, feni ilichelewa lakini ilikuja. Na benchi la mbao likawekwa nyuma ya safu ya mwisho.

Jioni ya kwanza ya benchi hilo nilimwachia aliyenipokea mlango, nikaenda chooni kama binadamu wengine, kisha nikaingia kusimama kando ya benchi. Filamu ilikuwa ile ile. Taa zikazimika. Kwenye skrini palikuwa na jiko dogo, watu wamekaa wamezunguka meza, muuza maji anabisha hodi na mtu anasita kumfungulia. Hakuna farasi, hakuna ngoma, hakuna aliyekufa.

Nikasikia kamasi zikivutwa. Kijana wa safu ya mwisho akageuka, si kwa ubaya.

"Mama, mbona unalia mapema? Hata haijaanza."

Dakika Kumi alikuwa ameweka mikono mapajani, mitupu. Akainua kiganja akafuta machozi, polepole, shavu moja kisha la pili.

"Imeanza, mwanangu," akamwambia. "Geuka uangalie."