Kanisa Liliezekwa Wiki Niliyoolewa

Admin, nakuomba usiweke jina langu wala la kanisa letu, maana huku Kibiti tunajuana na wengi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimeokoka tangu usichana, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Nasema hivyo mapema msije mkadhani nalalamikia ndoa mbaya. Kinachonitafuna ni jinsi nilivyoipata.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa vitu na kila mwenye akili ya biashara anahangaika. Baba yangu alikuwa mwalimu, alihamishiwa huku kutoka Masasi. Wakristo tulikuwa wachache, tunasali kwenye banda la makuti ambalo mvua ikinyesha tunabanana upande mmoja. Akaja mchungaji kutoka Dar, kijana, mwenye sauti. Tulimpenda sana. Fundisho lake kubwa lilikuwa unyenyekevu: anayembishia mtumishi anambishia aliyemtuma. Baba alilipokea kwa moyo wote, nami vilevile.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Joseph, fundi baiskeli wa Nyamwage. Kwao walishajiandaa kuleta mshenga. Basi Jumapili moja, katikati ya ibada, mchungaji akaniita mbele akasema, "Binti, Mungu amenionyesha mume wako, na yumo humu ndani." Akamwita kaka mmoja aliyekuwa ananunua kamba kwa wavuvi wa Mbwera na kuwapeleka Dar kwenye barafu. Nilimjua kwa salamu tu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi namtazama baba, na baba anapiga makofi huku analia kwa furaha.

Nyumbani nikamwambia, "Baba, mimi nina Joseph." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, hata mimi nilimpenda Joseph. Lakini sisi ni nani tubishane na mtumishi wa Mungu?"

Joseph alipopata habari alinifuata kisimani. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mungu kakuonyesha na wewe, au kamwonyesha yeye peke yake?" Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Ndoa ikafungwa. Wiki ileile likaja lori la mabati kutoka Dar, banda likaezekwa. Mchungaji akatangaza kuwa ni sadaka ya mume wangu. Watu wakamshukuru Mungu. Mimi nikayatazama yale mabati yanavyong'aa, moyo ukaniambia: umebadilishwa na hayo. Jirani yetu Bi Zuhura, Mwislamu, mtu wa hukuhuku, aliniuliza huku anapepeta mchele, "Mwanangu, huyo mchungaji wenu aonyeshwa wake wa masikini pia, au wa wenye mali tu?" Nilimkasirikia. Nikamwambia asimseme vibaya mpakwa mafuta wa Bwana. Akacheka, "Haya, yamekwisha." Kwangu hayakwisha.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchungulia. Mchungaji akija kula nyumbani, nasikiliza anavyoongea na mume wangu, natafuta neno litakalowaumbua. Wakicheka barazani nahisi wananicheka mimi. Hata mume wangu akinifanyia wema najiuliza, huu ni upendo au anatunza alichonunua? Nimezaa naye, nimemzoea, nikampenda, ndiyo, nampenda. Na bado mvua ikipiga kwenye mabati yale siyasikii tena mahubiri.

Sasa yule mchungaji ni askofu mzee, anakuja kwenye kongamano la vijana. Mchungaji wetu wa sasa ameniambia mimi na mume wangu tutatoa ushuhuda, "vijana wajue baraka za kutii mamlaka aliyoiweka Mungu." Akadokeza pia kwamba askofu atawatamkia baadhi ya mabinti wachumba wao. Binti yangu wa mwisho yumo kwenye kwaya. Kuna kijana mfanyabiashara wa mbao haishi kwenda kwa mchungaji, na juzi kaleta spika mpya za kanisa. Labda nawaza vibaya. Labda.

Nikashindwa kuvumilia. Tukiwa shambani tunavuna mpunga, wawili tu, nikamuuliza mume wangu, "Baba Neema, yale mabati uliyaahidi lini?" Akaacha kuvuna. Akasema, "Mchungaji aliniuliza binti yupi nampenda. Nikakutaja wewe, nikamwomba aniombee. Jumapili aliposema vile, na mimi niliamini Mungu kajibu."

"Na mabati?"

"Nilishayaahidi kabla hata sijakutaja."

"Alijua nina Joseph?"

Aliinama akaendelea kuvuna.

Ndugu zangu, sitaki kuwa kama Kora aliyemwasi Musa. Najua Daudi hakuthubutu kumgusa Sauli. Lakini huyohuyo Daudi, Sauli aliporusha mkuki, aliukwepa akakimbia, na sijasoma popote Mungu akimwita mwasi. Jana binti yangu ameniuliza jikoni, "Mama, wewe ulijuaje kama ni Mungu?" Nikamtuma dukani ili nisijibu.

Nikikataa ushuhuda namwaibisha mume wangu mbele ya watu, na huenda kosa lake lilikuwa kunipenda tu. Nikisimama nikasema ndoa yangu ni njema, nitakuwa nasema kweli, na kweli hiyohiyo itatumika kumfunga mdomo mwanangu. Watumishi wa Mungu mnaosoma hapa, msinitukane, nifundisheni. Kongamano ni Jumamosi hii. Nishaurini jamani, nifanye nini?