Siri ya Mnara wa King'ora

Mimi ndiye ninayejibu maombi ya habari katika ofisi yetu ya serikali hapa Gisenyi, na tangu nitoke semina nimekuwa mtu wa kuogopwa. Tulifundishwa kwamba mwananchi ana haki ya kuona karibu kila jalada, isipokuwa yale yanayohusu mitambo ya mawasiliano ya dharura. Hilo neno "isipokuwa" nililipenda kupita kiasi.

Jana akaja mama mmoja anayeuza viazi pale mpakani, Petite Barrière. Alitaka kujua king'ora kipya cha mafuriko kimewekwa wapi, maana mama yake mzazi anaishi kando ya mto na masikio yake yamechoka.

"Habari hiyo imezuiwa kisheria," nikamjibu, nikiegemea kiti. "Adui akijua mnara ulipo, ataukata."

"Na maji ikikuja, patron, maman atasikia?"

"Mama, siri ya usalama ni siri."

Watu waliokuwa wakingoja zamu kwenye benchi wakakaa wima. Kichwa kikanivimba.

Simu ikalia. Alikuwa dereva wa pikipiki anayenipelekea makaa nyumbani, amepotea. Nikamwelekeza kwa sauti, kama kawaida yangu: "Panda njia ya Mudende. Ukiona mnara mpya, ule wenye king'ora cha mafuriko, pinda kushoto. Geti la kijani. Ingia tu, mbwa hang'ati."

Nikakata simu. Benchi zima lilikuwa linanitazama. Mama akakaza kitenge chake, akasimama.

"Bon, patron, siri tutaichunga," akasema taratibu. "Lakini ile mbwa, ni kweli haiumaka mutu?"