Niliwalea Watoto wa Mbuzi Mpaka Nikazaa Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini hakuna aliyeniambia karibu. Nilifika kutoka kwetu kisiwani Mfangano katika kituo cha mbuzi wa maziwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay, cheti changu cha Fomu Nne kwenye bahasha, na Msimamizi hakuitazama bahasha. Alikuwa mama wa makamo, sauti nzito, na wote walimwita Min Apiyo, yaani mama yake Apiyo. Alinipeleka moja kwa moja kwenye banda la watoto wa mbuzi. Mmoja wao alikuwa analamba ukuta wa udongo kama uliopakwa sukari.

Min Apiyo akaniuliza huyo anataka nini. Nikasema ana njaa.

"Ametoka kunyonya sasa hivi. Kwenu Mfangano wakilamba ukuta mnawapa nini?"

"Vumbi la omena, wale dagaa wa ziwani. Tunafagia pale tunapoanika."

"Halafu wanahara."

"Wanahara, ndiyo."

"Mnamlisha mtoto vumbi lenye mchanga wa ufuo, akihara mnasema jirani ana macho mabaya." Wafanyakazi wakacheka. "Haya, nyar Mfangano, shika ufagio. Utaanzia kwa mavi yao, ndiyo yanasema ukweli."

Nyar ni binti. Jina hilo lilinishika mpaka mwisho, na hakuna cheo nimewahi kupewa kikanipendeza kama hicho. Nasema mpaka mwisho kama ajuza, na bado sijafika thelathini. Nimestaafishwa. Nitafika hapo. Kwanza nyinyi mnaoingia kazi hii sasa niwaeleze ilivyofanywa wakati wangu, kwa sababu bado naitaka. Naitaka hata ninapoandika hapa.

Mtoto wa mbuzi akizaliwa alipata dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, kabla hata manyoya hayajakauka vizuri. Bila dang'a hana kinga, na dawa utakazonunua baadaye ni za kujifariji. Baada ya hapo maziwa yalipashwa moto mpaka joto la mwili, chupa ikachemshwa, na kila mmoja akapewa kidogo kidogo mara nyingi. Ukimshibisha kwa mkupuo mmoja ili ukapumzike, tumbo litavimba. Akihara, ulivuta ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, maji yamemwisha mwilini. Hapo alipewa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kati ya mlo mmoja wa maziwa na mwingine, si ndani ya maziwa. Aliyelala hawezi kuinua kichwa hukummiminia kitu mdomoni, maana kingeingia kwenye mapafu. Huyo ulimwita daktari wa mifugo. Mavi yenye damu tulishuku koksidia, vijidudu vinavyopenda matandiko yenye unyevu. Dawa alitoa daktari, lakini kukausha banda ilikuwa juu yako.

Kuhusu madini, ambayo ndiyo yule wa ukutani alikuwa anayatafuta, Min Apiyo alituchosha. Jiwe la chumvi ya mifugo lilining'inizwa usawa wa mdomo, juu ya mavi, maji safi kando yake. Lakini anayenyonya tu hapati kwa jiwe, alisema, anapata kwa mama. Ukitaka mtoto mwenye mifupa na misuli, mlishe mama yake madini angali na mimba. Mtoto unaanza kumtunza kabla hujamwona.

Baadaye nikapewa uhamisho hadi tawi letu la Migori, karibu na Isebania, chini ya Meneja, kijana mwenye adabu na viatu visivyoshika tope. Wakulima wa kule walikuja na mbuzi wao wenyewe. Namkumbuka Bibi Gati, mkulima Mkuria, alileta watoto wawili wa mbuzi kwenye karai, macho yameingia ndani. Alikuwa amewanyima maziwa na maji tangu waanze kuhara.

"Nikimpa inatoka," alisema. "Nampa tena ya nini?"

"Ndiyo sababu unampa, bibi. Inatoka, unarudisha."

"Wewe umezaa?"

"Bado."

"Bado, na unanifundisha kulea."

Mmoja alikufa mikononi mwangu. Wa pili alisimama, akakojoa, na Bibi Gati akampigia kigelegele kama amefaulu mtihani.

Kisha nikashika mimba. Meneja akaniondoa kwenye kuzalisha mbuzi, akisema mbuzi anayetoa mimba anaweza kumwambukiza mwanamke mjamzito. Alisema kweli, na ukweli mimi sina ugomvi nao. Nilibaki na chupa na mawe ya chumvi mpaka karibu na kujifungua. Mtoto alipofikisha miezi ya kukaza shingo nilirudi, nikamweleza Meneja kwamba mama mkwe atamshika nyumbani, na mimi sitaingia kwenye uzazi wa mbuzi mpaka daktari aniruhusu.

"Mama Junior," akasema, "mtoto anahitaji mama. Lea kwanza."

"Na wale wa bandani?"

"Wana mtu."

Mke wa Meneja alijifungua msimu uleule na mimi. Lakini Meneja hakuna aliyemwambia alee kwanza. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mwenye mtoto mchanga nyumbani, akinifundisha mtoto mchanga anahitaji nini. Nilitaka kumpindulia meza. Nikasema asante, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wenzangu huniambia nishukuru, napumzika. Kulea si mapumziko, na kumpenda mwanangu hakujanitoa hamu ya lile banda, harufu yake ya maziwa na majani makavu, vichwa vikinigonga magoti. Mtu anaweza kutamani vyote viwili. Mbona wanaume hawaulizwi?

Juzi nilipita nyuma ya kituo, mwanangu mgongoni amelala ameshiba, na watoto wa mbuzi wakaanza kulilia chupa. Maziwa yangu yakashuka yenyewe, blauzi ikalowa, nikasimama palepale kando ya ua. Vilio vikapungua kila mdomo ulipopata. Kimoja kikabaki. Hakikuwa cha njaa. Cha njaa hupanda. Hiki kilikuwa chini, cha maumivu, cha kuguna, na meno yanasagwa. Kupitia seng'enge nilimwona msichana mpya, amempakata mtoto huyo wa mbuzi, anamsukumia chupa mdomoni kwa nguvu.

"Dada, huyo usimlazimishe," nikaita. "Mguse tumbo."

Akainua macho. "Wewe ni nani?"

"Mguse tumbo kwanza, ndio uniulize."