Udongo Unaongoja Mvua

Dada anayefuga mbu kwenye maabara yetu hapa Garissa huwapa damu ya kondoo akiwasemesha polepole, kama anayekama ngamia mkali. Aina zao huzitambua kwa mistari ya miguuni, hijabu ameibana nyuma ya masikio. Juzi alimwagia maji udongo mkavu aliouchota bondeni, pale ambapo mwaka wa mafuriko homa ya mifugo inayoenezwa na mbu iliwafanya mbuzi wa mama yake watupe mimba. Asubuhi yake viluwiluwi wa mbu walikuwa wanacheza majini. "Mayai yalikuwa yanangoja mvua tu," akaniambia, "kama sisi." Ijumaa tulipoomba mvua, amina yake ilizishinda zetu zote. Kisha akamshika mama yake mkono: "Hooyo, mbuzi wachanjwe kesho, kabla dua haijajibiwa."