Laptopu Nyepesi Katika Nchi ya Dhahabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe la mikono mirefu na viatu vilivyonibana vidole, nikafika dukani Shinyanga mjini kabla mlango haujafunguliwa. Mwenye duka alikuja na funguo zake mkononi. Wote tulimwita Bosi, na mpaka leo ulimi wangu haujui kumwita vinginevyo. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Shinyanga hiyohiyo, na Kisukuma alikijua kuliko mimi niliyekuja kutoka Ujiji. Nikamwamkia, "Shikamoo Bosi."

"Marahaba, Ramadhani. Nyanyua hiyo."

Alinionyesha laptopu iliyokuwa juu ya kaunta. Nikainyanyua kwa mikono miwili. Akaniuliza naionaje, nikasema ni nzito.

"Basi ndiyo nzuri," akasema. "Mteja wa huku hakuulizi maneno mengi. Ananyanyua. Mkono ukishuka, amenunua."

Nyie mnaouza kompyuta siku hizi mtacheka, lakini Bosi hakukosea kuhusu watu wake. Hii ni nchi ya dhahabu. Mtu aliyewahi kukaa karibu na duara, yaani shimo la wachimbaji, anajua kwamba dhahabu ya kweli huelemea kiganja, na ya feki inacheza mkononi kama kokoto. Kwa hiyo kila kitu huku kinapimwa kwa kiganja. Nimewaona watu wakipima sufuria, redio, betri za gari, hata mlango wa mbao. Ukimpa mtu kitu chepesi anakutazama usoni, anatafuta umemwibia nini.

Na mashine za wakati ule, wallahi, zilikuwa nzito za kutosha. Ndani mlikuwa na diski ya chuma inayozunguka, ndiyo ghala la kazi zako zote, na ukiidondosha inapozunguka umekwisha. Feni ya kuipoza ilivuma kama mashine ya kusaga unga. Chaja yake ilikuwa tofali lenye waya. Betri ilikufa kabla hujamaliza barua moja, ukabaki unatafuta soketi. Tuliziuza sana, nami nilijiona fundi wa kuuza.

Miaka ikaenda, Bosi akafungua tawi Geita, akanihamishia huko chini ya Meneja wa Tawi. Meneja mwenyewe alikuwa mwanamke wa Ushirombo, amesoma kwa masista wa misheni, ameanza kazi kwa Bosi kama karani wa kaunta akapanda mpaka hapo. Alikuwa na mapacha, hivyo tulimwita Mama Kulwa, naye aliniita Baba Zuhura kwa jina la binti yangu. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine wapiga kelele, wengine wanusa makosa. Huyu sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Nasema kweli, nilimpenda kwa heshima zote, kama dada aliyenizidi akili.

Kitu cha kwanza alichokifanya kilinitisha. Aliagiza mzigo mzima wa laptopu nyepesi, zile nyembamba, ndogo kama daftari kubwa, mtu anaiweka kwapani na kuondoka. Hazina diski inayozunguka; kazi zako zinakaa kwenye vipande vidogo visivyosogea, kama kwenye simu. Feni yake ni ndogo, nyingine hazina kabisa. Bodi ni ya alumini. Betri inakaa asubuhi mpaka jioni, na chaja yake unaweza kuichomeka hata kwenye simu yako.

"Mama," nikamwambia, "hizi watu wa huku watazikataa."

"Baba Zuhura, watu wa huku umewaona wamekaa?" akaniuliza. "Wa Shinyanga mjini ana meza. Huyu wa Geita leo yuko mgodini, kesho Kharumwa, keshokutwa yuko kwenye boti. Meza yake ni magoti."

Mteja wa kwanza kuzishika alikuwa Bwana Masanja, mtu mnene, mchangamfu, mwenye karasha upande wa Kharumwa. Karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Akainyanyua moja kwa vidole viwili, akaipindua, akaitikisa sikioni.

"Mayu," akamwambia Mama Kulwa, yaani mama kwa Kisukuma, "hili ni kava. Yenyewe iko wapi?"

Duka zima likacheka. Mimi nami nikacheka, ningefanyaje? Lakini utani wa Masanja ulitembea. Ndani ya muda mfupi mji wote ulikuwa unasema laptopu za Mama Kulwa hazina kitu ndani. Watu walikuja kuzinyanyua tu, wacheke, waende zao.

Habari zikafika Shinyanga. Bosi akapiga simu, Mama Kulwa akaweka spika ili wote tusikie. "Wapimie na boksi lake," Bosi akasema. "Chaja humo, mkoba humo, kila kitu humo. Mkono ukishuka, uza."

"Bosi, akifika nyumbani atalifungua boksi."

"Mama Kulwa, nisikilize. Mvua zikianza na huo mzigo bado uko hapo, nalifunga tawi. Wewe utarudi huku kwenye kaunta, na hao wenzako kila mtu atajua pa kwenda."

Simu ikakatika. Mimi umri ulikuwa umekwenda, nani angeniajiri tena? Na yeye, mwanamke wa kwanza kupewa tawi katika biashara ile, angerudi kusimama palepale alipoanzia, mbele ya watu walewale waliosema hataweza. Wote tulilijua.

Kesho yake Mama Kulwa alikwenda benki, na muuzaji mwenzangu mmoja akaona atusaidie. Masanja alipopita, akampimia na boksi. Mkono ukashuka. Masanja akalipa, akaondoka anapiga mluzi. Siku iliyofuata alirudi na mjumbe wa mtaa, amekunja uso, boksi kwapani.

"Jana ilikuwa nzito," akafoka. "Leo nyepesi. Mmetoa vitu ndani, wezi wakubwa!"

Watu wakajaa mlangoni. Muuzaji mwenzangu akatamani ardhi ipasuke immeze. Mama Kulwa akatoka nyuma ya kaunta, akamrudishia Masanja pesa zake zote, akamwomba radhi mbele ya mjumbe na mbele ya umati. Kisha akaitoa ile laptopu kwenye boksi, akaitia kwenye begi la mgongoni, akamvisha Masanja mwenyewe kama anamvisha mtoto wa shule.

"Sikuuzii," akamwambia. "Nenda nayo kwenye karasha lako, fanya kazi zako, kisha uirudishe. Baba Zuhura atakwenda na wewe, usije ukasema tena tumetoa kitu."

Lo! Nikapakiwa nyuma ya pikipiki ya Masanja, tukala vumbi mpaka Kharumwa. Huko nikaona ambayo kaunta haikuwahi kunionyesha. Masanja alikuwa na laptopu yake nzito, lakini alikuwa anaiacha nyumbani, maana barabara ile ilimvunja mgongo. Kwa hiyo mteja wake akitaka kuona picha za mashine au hesabu za mawe yaliyosagwa, anaambiwa asubiri kesho. Siku hiyo aliifungua ile nyepesi juu ya pipa, jua linawaka. Akaniuliza kioo atakionaje juani. Nikamwonyesha pa kuongeza mwanga. Akauliza vumbi litaingia wapi wakati haina matundu ya feni. Akapiga kibodi kwa vidole vyake vinene, akaridhika kwamba herufi hazijabanana. Akaifunga na kuifungua mara nyingi kupima bawaba, akasema hii haitalegea kama mlango wa choo. Umeme ukakatika, karasha likazima, kioo kikabaki kinawaka. Akaendelea kuandika hesabu zake.

Tuliporudi Geita aliingia dukani akalipa. Jamaa zake waliokuwa nje wakaanza kumtania, wakamwambia amenunua kava. Masanja akageuka. "Nyie pimeni kwa kiganja," akawajibu. "Mimi nimepima kwa mgongo."

Tangu siku ile ndiyo ikawa kazi yetu. Mteja akija, hatumwekei mashine kaunta. Tunamvisha begi, anakwenda nayo kwenye shughuli zake, na mmoja wetu anamfuata. Jamani, nilitembea! Nilikwenda sokoni, nikaenda mashambani, nikafika mpaka Nkome, kando ya ziwa, kwa mfanyabiashara wa dagaa anayepokea oda za watu wa mbali. Mama yule alitaka kitu kimoja tu: atoke asubuhi na boti kwenda visiwani, arudi jioni na chaji ipo. Aliponiona nahangaika kumweleza kasi ya mashine, akanikatiza. "Baba, kasi niachie mimi. Niambie itakufa saa ngapi." Nami nikajifunza kufunga mdomo.

Tuliuza, tena vizuri, lakini kwa kutembea na mteja mmojammoja mzigo haumaliziki upesi. Na mvua mwaka huo ziliwahi. Zilipoanza, stoo bado ilikuwa na maboksi, na Bosi akaja.

Aliingia ameinamia upande, amebeba mkoba wa laptopu yake mwenyewe, ile ya zamani, ambayo hakumruhusu mtu kumshikia hata siku moja. Hapo ndipo nilipompendea yule mzee, hakutaka kubebewa. Akapokea shikamoo zetu, akasema bila kuzunguka kwamba jioni atatuita wote tuagane.

"Sawa, Bosi," Mama Kulwa akasema. "Lakini huwezi kufunga bila kuwaaga wateja wako. Twende tukawapitie. Huo mkoba uache hapa mezani, kazi zako ulizokuwa unatutumia nimekuwekea kwenye hii."

Akamvisha begi la mgongoni, lenye laptopu nyepesi ndani. Bosi akaguna, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ee? Haya, twende." Tukatoka watatu. Tukapita sokoni, tukapanda ngazi za benki, tukala wali samaki, Bosi nami tukaswali msikitini, tukateremka mpaka stendi akasalimiane na mawakala wa mabasi. Kila mahali alikuta mtu wa kumsifia Mama Kulwa, naye akawa anaitikia tu kwa kichwa. Tuliporudi dukani jua linazama. Wafanyakazi wote wakapangwa mstari. Bosi akasimama mbele yetu, akakohoa, akapapasa ubavuni mahali mkoba wake unapokaaga. Uso ukambadilika.

"Ile mashine!" akasema. "Ya watu! Nimeiacha msikitini!"

Mimi kwa haraka zangu sikuuliza. Nikatoka mbio kwenye tope, nikafika msikitini nahema, nikatafuta kwenye rafu za viatu, nikamsumbua na mwadhini wa watu. Hakuna. Nikarudi nimelowa, nawaza nitamwambiaje Mama Kulwa. Nilipoingia, Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Begi lilikuwa mapajani mwake. Lilikuwa mgongoni muda wote, na mimi nilitembea nyuma yake mchana kutwa.

"Kaa, Ramadhani, pumzika," akaniambia. Alikuwa anajishika bega la kulia, analizungusha taratibu. "Bega hili limeniuma miaka na miaka. Nimekunywa dawa, nimechuliwa, nimekatazwa baridi. Nilidhani ni uzee."

Akamtazama Mama Kulwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bosi. Ukasema tupime na boksi."

Bosi akacheka mpaka akafuta machozi, halafu machozi yakaendelea na kicheko kimekwisha. "Watu wangapi nimewabebesha," akasema, "nikiwaambia ndiyo nzuri?" Akasimama, akavaa lile begi tena, akatuambia tawi halifungwi, tukafanye kazi. Mkoba wake wa zamani akauacha pale mezani.

Nimestaafu sasa, nakaa Shinyanga, na vijana wa madukani wananijia kuniuliza mteja wa mashine nyepesi anataka nini. Wamekariri majina yote ya vipuri, mashallah, wananishinda mbali. Huwa nawaambia: mteja anataka afike anakokwenda akiwa bado na nguvu ya kufanya kazi iliyompeleka. Chaji, kioo, kibodi, uzito, yote ni kwa ajili ya hapo. Mwulizeni kwanza anakwenda wapi. Mkiweza, nendeni naye.

Lakini hayo sikuyavumbua mimi, na aliyenifundisha lazima nimtaje. Bosi alipoondoka jioni ile, wenzetu wakaanza kupiga vigelegele na kuagiza soda. Nikaona Mama Kulwa hayupo. Nikamkuta stoo, amekaa juu ya maboksi, ameficha uso kwenye kanga, mabega yanatetemeka. Miezi yote ile hatukumwona hata siku moja akiyumba. Nikasema neno la Kisukuma nililolijua, "Wabeja, mayu." Ahsante, mama.

"Baba Zuhura," akasema bila kunitazama, "kila asubuhi nilipofungua mlango huu, niliogopa."

Nikavuta boksi, nikakaa karibu naye mpaka alipomaliza kulia.